Kiti Kimoja, Wenyeji Sita: Miaka 70 ya The Tonight Show, 1954–2024

Dibaji

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka 70 kipindi cha The Tonight Show cha shirika la utangazaji la NBC nchini Marekani kimeishi kwa hekima hiyo. Kila usiku wa kazi mwenyeji hukaa nyuma ya meza, mgeni hukaribishwa kwenye kochi, bendi hupiga, na watu waliochoka na mchana wao hupata la kucheka kabla ya kulala.

Kilipoanza, tarehe 27 Septemba 1954, Rais wa Marekani alikuwa Dwight Eisenhower. Kilipotimiza miaka 70, tarehe 27 Septemba 2024, aliyekuwa madarakani ni Joe Biden, Rais wa 13 kuongoza nchi hiyo tangu Eisenhower akihesabiwa wa kwanza. Katika muda huo huo kiti cha mwenyeji kimekaliwa kwa kudumu na watu sita tu: Steve Allen, Jack Paar, Johnny Carson, Jay Leno, Conan O'Brien na Jimmy Fallon. Historia hii inaeleza kiti hicho kilivyochongwa, kilivyorithishwa, kilivyogombaniwa, na kazi kilizofanya kwa taifa lililokuwa likikitazama.

Haja iliyokizaa, 1950–1954

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 televisheni ya Marekani ililala mapema. Taarifa ya habari ya saa 5 usiku ikiisha, vituo vingi vilionyesha filamu ya zamani au vilifunga matangazo hadi asubuhi. Mitambo ilikuwepo na watu wazima walikuwa bado macho, lakini saa zile hazikuwa na mwenyewe, na kwa kuwa hazikuwa na mwenyewe hazikuingiza senti.

NBC ilijaribu kuzitumia mwaka 1950 kwa Broadway Open House, kipindi cha vichekesho na muziki kilichoongozwa hasa na Jerry Lester. Kilidumu hadi 1951. Pamoja na ufupi wa maisha yake, kilithibitisha kwamba wapo watu walio tayari kukesha mbele ya televisheni wakipewa sababu.

Aliyeishika hoja hiyo ni Sylvester Weaver, maarufu kwa jina la Pat, aliyefika NBC akitokea katika biashara ya matangazo na kupanda hadi kuwa rais wa shirika. Katika zama zile mdhamini mmoja alikinunua kipindi kizima. Kampuni ya sabuni au ya sigara ililipa gharama, nayo ikawa na sauti hata juu ya nani apande jukwaani. Weaver alitaka shirika limiliki vipindi vyake lenyewe na kuwauzia wafanyabiashara wengi dakika moja moja, kama gazeti linavyouza nafasi katika kurasa zake. Kwa mpango huo alianzisha kwanza kipindi cha asubuhi, Today, tarehe 14 Januari 1952. Kilipokubalika, akageukia upande wa pili wa siku.

Mtu wa kukiendesha kipindi cha usiku hakuwa mbali. Tangu Julai 1953 Steve Allen, mpiga piano, mtunzi wa nyimbo na mchekeshaji, alikuwa na kipindi cha usiku katika kituo cha NBC cha jiji la New York. Weaver alikichukua kipindi hicho cha mji mmoja na kukipeleka nchi nzima kwa jina la Tonight!

Mwasisi: Steve Allen, 1954–1957

Usiku wa Jumatatu, 27 Septemba 1954, saa 5:15 kwa saa za New York, pazia lilifunguliwa katika ukumbi wa Hudson Theatre, Barabara ya 44, Manhattan. Kipindi kilipangwa kwenda moja kwa moja hewani kwa dakika 105, hadi saa 7 usiku. Allen aliukaribisha umma akiwa kwenye piano yake, na kwa kutania urefu huo alisema kipindi hiki kitaendelea milele. Watu walicheka. Miaka 70 baadaye maneno yale yanasomeka kama hati ya usajili.

Vipande vingi vya mashine hii viliungwa na Allen. Alifungua kwa maneno yake mwenyewe, akaketi mezani kupokea wageni, akaweka bendi jukwaani chini ya Skitch Henderson, na pembeni yake alikuwa na mshereheshaji, Gene Rayburn. Aliingia katikati ya hadhira na kipaza sauti, akazungumza na yeyote aliyemkuta. Wakati mwingine kamera ilitolewa nje ya ukumbi, wapita njia wakawa sehemu ya kipindi bila kuandaliwa. Vijana kama Steve Lawrence, Eydie Gormé na Andy Williams waliimba humo kabla majina yao hayajakua.

Mwaka 1956 NBC ilimpa Allen kipindi kingine, cha Jumapili jioni, na mzigo ukazidi mabega. Kuanzia Oktoba mwaka huo Ernie Kovacs alimshikia kiti usiku wa Jumatatu na Jumanne. Januari 1957 Allen alikiacha kabisa.

Miezi sita ya kujikwaa, 1957

Badala ya kutafuta mwenyeji mpya, shirika lilibadili kipindi chenyewe. Tarehe 28 Januari 1957 lilianza Tonight! America After Dark, mtindo wa ripoti fupi fupi kutoka New York, Chicago na Los Angeles, zikiunganishwa kwanza na Jack Lescoulie na baadaye Al Collins. Kulikuwa na waandishi wa habari na kamera katika miji mitatu, lakini hakukuwa na nyumba ya kuingia wala mtu wa kumpa mgeni kiti. Watazamaji waliondoka, na baadhi ya vituo vikaacha kukirusha. Wazee walishaonya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Tarehe 26 Julai 1957 jaribio lilifungwa, na NBC ikarudi kwenye mbacha wake: mtu mmoja, meza moja, na mazungumzo.

Mazungumzo yapata heshima: Jack Paar, 1957–1962

Jack Paar aliketi kitini tarehe 29 Julai 1957. Allen alikuwa mtu wa piano na michezo, Paar alikuwa mtu wa kusema na kusikiliza. Mshereheshaji wake alikuwa Hugh Downs na bendi iliongozwa na José Melis. Paar aliwaalika watu wenye ulimi, kama mpiga piano Oscar Levant na mwigizaji Peter Ustinov, akawaacha waseme hadi mwisho wa hadithi. Yeye mwenyewe hakuficha hasira, furaha wala machozi. Ndani ya muda mfupi kipindi kikapewa jina lake.

Awamu hii ilileta pia mabadiliko ya kiufundi. Mwaka 1959 kipindi kilianza kurekodiwa kwenye kanda mapema jioni badala ya kwenda hewani moja kwa moja, na Septemba 1960 kikaanza kurushwa kwa rangi. Kikahamia Studio 6B katika jengo la 30 Rockefeller Plaza.

Mtihani mkubwa ulikuja Februari 1960. Wakaguzi wa shirika walikata kisa cha Paar kuhusu mwanamke aliyeulizia choo kwa kifupisho cha W.C., aliyeulizwa akadhani anatafuta kanisa. Paar hakuwa ameelezwa. Usiku uliofuata, 11 Februari, aliwaaga watazamaji katikati ya kipindi na kutoka studio, Hugh Downs akakimalizia peke yake. Tarehe 7 Machi alirudi, na kuanzia hapo uongozi wa NBC ulijua uzito wa mtu aliye nyuma ya ile meza.

Mwaka huo huo wa uchaguzi Seneta John F. Kennedy alikaa kwenye kiti cha mgeni mwezi Juni, na Makamu wa Rais Richard Nixon akafuata mwezi Agosti. Wanasiasa wakubwa waliona kwamba mpiga kura anayejiandaa kulala husikiliza kwa sikio tofauti na yule aliye mkutanoni. Baada ya hapo mlango huo haukufungwa tena.

Paar alichoka. Machi 1962 aliondoka kwa hiari, akiwa bado anapendwa.

Miezi ya mpito, Aprili–Septemba 1962

Mrithi, Johnny Carson, alikuwa amefungwa na mkataba wa kipindi cha maswali katika shirika la ABC hadi Septemba. Kwa miezi sita kiti kilishikwa kwa zamu na watu kama Groucho Marx, Jerry Lewis, Joey Bishop na Merv Griffin. Mshereheshaji Hugh Downs, aliyezoeleka na watazamaji tangu enzi za Paar, aliwapokea baadhi ya wenyeji hao wa muda. Kipindi kilivuka mpito huo bila kuzima taa, ushahidi wa kwanza kwamba taasisi imeanza kuwa kubwa kuliko mkaaji wake.

Miaka thelathini: Johnny Carson, 1962–1992

Tarehe 1 Oktoba 1962 Groucho Marx alimtambulisha Carson kwa taifa. Kijana huyu alizaliwa Iowa na kukulia Norfolk, Nebraska, katikati ya nchi ya wakulima, na lafudhi yake ya kawaida ilimfanya asiwe mgeni kwa yeyote. Wageni wa usiku ule walikuwa Joan Crawford, Rudy Vallee, Mel Brooks na Tony Bennett. Pembeni alisimama Ed McMahon, ambaye mlio wake mrefu wa kumwita Johnny jukwaani ulisikika kwa miaka yote 30. Bendi iliongozwa na Skitch Henderson, kisha Milton DeLugg, na kuanzia 1967 Doc Severinsen na tarumbeta yake.

Kazi ya siku ilikuwa na ratiba ya kiwanda. Waandishi wa vichekesho walichambua habari za siku na kumpelekea Carson kurasa za utani. Yeye alichagua na kupanga, kisha mapema jioni alisimama mbele ya pazia kurekodi maneno yatakayosikika usiku. Utani usipochekesha, aliutania huo utani wenyewe hadi watu wakacheka. Kwa mamilioni ya Wamarekani, maneno yale ya ufunguzi yalikuwa muhtasari wa pili wa habari za siku. Tarehe 19 Desemba 1973, akidokeza kauli ya mbunge mmoja kuhusu uhaba wa karatasi za chooni, alitania kwamba zinaadimika. Kesho yake wanunuzi walizikomba madukani, na ikambidi Carson awatulize watu hewani.

Muda wa kipindi ulipungua kwa hatua: dakika 105, kisha 90 mwaka 1967, kisha 60 kuanzia Septemba 1980. Mei 1972 kipindi kilihamia Burbank, California, karibu na viwanda vya filamu vya Hollywood, ambako wageni walikuwa jirani. Fred de Cordova, aliyekuwa mtayarishaji mkuu tangu 1970, alikisimamia hadi mwisho wa awamu hii.

Wapo wageni na matukio yasiyosahaulika. Tarehe 17 Desemba 1969 mwimbaji Tiny Tim alifunga ndoa hapo studio, na inakadiriwa watu milioni 40 walikuwa mashahidi. Mwanaastronomia Carl Sagan aliitwa mara nyingi kuzungumzia nyota na sayari kwa lugha ya mtu wa kawaida. Joan Embery wa bustani ya wanyama ya San Diego alileta wanyama waliompanda Carson mabegani na kichwani.

Kwa wachekeshaji, studio ya Burbank ilikuwa mahakama ya rufaa. Kijana alisimama peke yake kwa dakika chache, na akimaliza alitupia jicho mezani. Carson akimpungia mkono aje kuketi kwenye kochi, maisha yake yalibadilika usiku ule ule. Freddie Prinze aliitwa mwaka 1973. Ellen DeGeneres alipoitwa mwaka 1986, alikuwa mchekeshaji wa kwanza mwanamke kukaribishwa kochini mara yake ya kwanza kabisa kutokea.

Joan Rivers, aliyeanza kutokea mwaka 1965, aliteuliwa mwaka 1983 kuwa mwenyeji wa akiba wa kudumu, na aliondoka mwaka 1986 kuanzisha kipindi chake. Hakuna mwanamke mwingine aliyekikaribia kiti kiasi hicho. Katika miaka 70 yote, hakuna aliyekabidhiwa.

Wiki ya Harry Belafonte, Februari 1968

Tukio moja la enzi ya Carson linastahili sehemu yake. Kwa wiki moja, kuanzia 5 hadi 9 Februari 1968, Carson alimkabidhi kiti mwimbaji Harry Belafonte. Nchi ilikuwa imegawanyika kwa vita vya Vietnam na madai ya haki za watu weusi, na kumwona mtu mweusi akiwa mwenyeji wa nyumba hii kwa wiki nzima lilikuwa jambo jipya. Belafonte aliwaalika Sidney Poitier, Lena Horne, Aretha Franklin, Paul Newman, Seneta Robert Kennedy na Dakta Martin Luther King. King aliuawa tarehe 4 Aprili mwaka huo, na Kennedy akafariki kwa risasi tarehe 6 Juni.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulijua jina la Belafonte. Mwaka 1959 yeye, Poitier na mchezaji Jackie Robinson waliweka saini kwenye barua ya kuchangisha fedha za kuwasafirisha wanafunzi kwenda vyuo vya Marekani, mpango uliosimamiwa na Tom Mboya wa Kenya. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mwaka 1965 Belafonte na Miriam Makeba walitoa albamu ya pamoja iliyobeba wimbo wa Malaika, na Kiswahili kikasikika katika sebule za Marekani. Mtu huyo ndiye aliyeketi kwenye kiti cha Carson kwa wiki ile.

Kuaga

Mei 1992 Carson aliaga. Tarehe 21 wageni wake wa mwisho walikuwa Robin Williams na Bette Midler, aliyemwimbia. Tarehe 22 hakualika mgeni yeyote. Alikaa kwenye kigoda, akaonyesha vipande vya miaka iliyopita, akawashukuru watu na kuondoka, huku inakadiriwa watu milioni 50 wakimtazama. Mwaka huo alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru, heshima ya juu ya kiraia Marekani. Alifariki tarehe 23 Januari 2005.

Mchapakazi: Jay Leno, 1992–2009

Jay Leno alianza tarehe 25 Mei 1992. Urithi huu ulikuwa na ushindani, kwani David Letterman, aliyekuwa akiendesha kipindi cha NBC kinachofuata baada ya Carson, aliutarajia pia. Mwaka 1993 alihamia CBS na kusimama saa ile ile upande wa pili. Kwa karibu miaka miwili Letterman aliongoza. Julai 1995 mahojiano ya Leno na mwigizaji Mwingereza Hugh Grant yalivuta umati wa watazamaji, na baada ya hapo The Tonight Show ikashika uongozi kwa miaka mingi.

Leno alirefusha maneno ya ufunguzi na kuyajaza habari za siku. Bendi iliongozwa na Branford Marsalis, na kuanzia 1995 Kevin Eubanks. Siasa ziliendelea kupita kwenye kochi hilo. Tarehe 6 Agosti 2003 mwigizaji Arnold Schwarzenegger alitangaza hapo kwamba anagombea ugavana wa California, akaupata. Tarehe 19 Machi 2009 Barack Obama, mwana wa mchumi kutoka Kenya, alikuwa Rais wa kwanza aliye madarakani kuwa mgeni wa kipindi hiki.

Kiti kinapotikiswa, 2004–2010

Tarehe 27 Septemba 2004, siku ya miaka 50, NBC ilitangaza kwamba Conan O'Brien atamrithi Leno mwaka 2009. Nia ilikuwa njema: kuepusha ugomvi wa 1992 kwa kupanga mapema. O'Brien alianza tarehe 1 Juni 2009 katika studio mpya ya Universal, akiwa na Andy Richter kama mshereheshaji na bendi ya Max Weinberg.

Lakini shirika halikutaka kumpoteza Leno. Septemba 2009 lilimpa kipindi cha kila usiku saa 4, kabla ya taarifa ya habari. Watazamaji walipopungua, vituo vya mikoani vililalamika kwamba habari zao zinaumia. Januari 2010 NBC ikaamua kumrudisha Leno saa 5:35 kwa nusu saa, na kukisogeza The Tonight Show hadi saa 6:05 usiku.

Kwetu siku huanza jua linapozama, hivyo saa 6:05 ni usiku ule ule. Kwa Wamarekani tarehe hubadilika saa 6 kamili, na kipindi kinachoitwa cha usiku huu kingeanza kesho yake. Tarehe 12 Januari O'Brien alitoa tamko kwamba hatashiriki kukibomoa kipindi alichokiheshimu tangu utotoni. Tarehe 22 Januari alimaliza, baada ya kukaa chini ya miezi minane. Taarifa za wakati ule zilitaja malipo ya kuvunja mkataba ya dola milioni 45, kati yake milioni 12 zikiwa za wafanyakazi waliomfuata kutoka New York. Alipoaga aliwasihi vijana wasikate tamaa na kuikejeli dunia.

Leno alirudi kitini tarehe 1 Machi 2010 na kukikalia hadi 6 Februari 2014. Katika kipindi hicho, Januari 2012, Trevor Noah alikuwa mchekeshaji wa kwanza kutoka Afrika Kusini kusimama kwenye jukwaa hili.

Kurudi nyumbani: Jimmy Fallon, tangu 2014

Tarehe 17 Februari 2014 kipindi kilirudi New York, tena kwenye Studio 6B ile ile ya Paar na Carson, baada ya miaka 42 magharibi. Mwenyeji alikuwa Jimmy Fallon, mzaliwa wa Brooklyn, akiwa na mshereheshaji Steve Higgins na kundi la The Roots la Philadelphia kama bendi. Mtayarishaji mkuu alikuwa Lorne Michaels. Usiku wa kwanza waliitikia mwaliko Will Smith na kundi la U2.

Fallon aliongeza michezo, nyimbo na mashindano mafupi na wageni. Vipande vyake vilisambaa kwenye intaneti, na watu wengi sasa hukitazama asubuhi kwenye simu, Dar es Salaam na Nairobi wakiwemo. Juni 2016 Rais Obama alisoma mafanikio ya utawala wake hapo huku The Roots wakimpigia muziki wa taratibu.

Machi 2020 janga la korona lilifunga studio. Fallon aliendesha kipindi akiwa nyumbani, mkewe akishika kamera na watoto wakipita nyuma. Tarehe 13 Julai 2020 alirudi 30 Rockefeller Plaza bila hadhira, ambayo ilirejea kidogo kidogo mwaka 2021. Mwaka 2023 mgomo wa waandishi ulikisimamisha kuanzia 2 Mei, kikarudi hewani 2 Oktoba. Kuanzia msimu wa 2024 vipindi vipya hurushwa Jumatatu hadi Alhamisi.

Jedwali la wenyeji wakuu

| Mwenyeji | Muda | Mahali | Kiongozi wa bendi |
|---|---|---|---|
| Steve Allen | 1954–1957 | New York | Skitch Henderson |
| Jack Paar | 1957–1962 | New York | José Melis |
| Johnny Carson | 1962–1992 | New York, kisha Burbank | Henderson, DeLugg, Severinsen |
| Jay Leno | 1992–2009 | Burbank | Marsalis, Eubanks |
| Conan O'Brien | 2009–2010 | Universal City | Max Weinberg |
| Jay Leno (mara ya pili) | 2010–2014 | Burbank | Eubanks, Rickey Minor |
| Jimmy Fallon | 2014 hadi sasa | New York | Questlove wa The Roots |

Jedwali la hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1953 | Steve Allen aanza kipindi cha usiku katika kituo cha NBC New York |
| 1954 | Kipindi chaenda nchi nzima, 27 Septemba |
| 1957 | Mtindo wa ripoti washindwa. Paar aingia |
| 1959 | Kurekodi kwenye kanda kwaanza |
| 1960 | Matangazo ya rangi. Kennedy na Nixon wawa wageni |
| 1962 | Carson aanza, 1 Oktoba |
| 1968 | Wiki ya Belafonte |
| 1972 | Kuhamia Burbank |
| 1980 | Muda wapunguzwa kuwa dakika 60 |
| 1992 | Carson aaga. Leno aanza |
| 2009 | Rais Obama atembelea studio. O'Brien aanza |
| 2010 | O'Brien aondoka. Leno arudi |
| 2014 | Fallon aanza. Kipindi charudi New York |
| 2020 | Kipindi chaendeshwa kutoka nyumbani |
| 2024 | Miaka 70, 27 Septemba |

Hitimisho

Ukisoma miaka hii 70 kwa pamoja, funzo lake moja linajirudia. Kipindi kilistawi pale kiti kilipochukuliwa kuwa amana, mwenyeji akijua alikipokea kutoka kwa mwingine na atakikabidhi kwa mwingine. Kiliyumba mara mbili, mwaka 1957 na mwaka 2010, na mara zote mbili sababu ilikuwa ofisi kukisogeza kiti kana kwamba ni samani ya kawaida.

Kuna hasara moja ambayo sifa haiwezi kuifidia. Kanda za zama zile zilikuwa ghali, na NBC ilizifuta ili zitumike tena. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya Paar na ya miaka kumi ya mwanzo ya Carson imepotea, na wiki ya Belafonte imebaki vipande. Usiku wa kwanza wa Carson umebaki sauti tupu. Kanda za baadaye ziliponea kwa kuwekwa katika mgodi wa chumvi huko Kansas, chini ya ardhi, mahali pakavu na pa baridi, na baadaye zikahamishiwa kwenye kompyuta.

Kwa hiyo kijitabu hiki kinafungwa kwa ombi kwa kila anayeendesha kipindi, kiwe cha televisheni au cha redio ya mtaani. Wageni mnaowakaribisha leo hawatakuja mara mbili wakiwa vile vile. Rekodini, andikeni tarehe na jina, tunzeni nakala ya pili mahali pengine, na msifute.